Mtoto akigongwa na gari akiendesha baiskeli: la kufanya na la kuacha

Mtoto aliyegongwa na gari mara nyingi huinuka haraka, akajipangusa vumbi na kusema, "Sijaumia." Husema hivyo kwa sababu anaogopa kugombezwa, anaona haya kuzungukwa na watu, au woga umemfanya asisikie maumivu kwa muda. Dereva naye hushusha pumzi, huomba radhi, huondoka. Saa mbili baadaye mtoto anaanza kutapika, na hakuna aliyeandika namba ya gari.

Kwa hiyo kauli ya mtoto isichukuliwe kuwa kipimo. Mtoto aliyeguswa na gari, hata kwa mwendo mdogo, akaonwe na daktari siku hiyohiyo, na maelezo ya gari na dereva yachukuliwe kabla mtu yeyote hajaondoka.

Hapohapo barabarani

Kwanza zuieni ajali ya pili. Mtu mmoja atangulie upande ambako magari yanatokea, mbali kiasi cha kumpa dereva nafasi ya kusimama, awapungie mkono. Gari lililogonga liwashe taa za dharura. Kama limesimama mahali linapomkinga mtoto dhidi ya magari mengine, lisisogezwe.

Piga namba ya dharura ya nchi uliyopo. Kama huijui, 112 hufanya kazi kwenye mitandao mingi ya simu za mkononi. Sema mahali mlipo kwa alama inayoonekana, umri wa mtoto, kama anaongea, kama anapumua, na kama kuna damu nyingi. Usikate simu mpaka uambiwe.

Usimshike mtoto kwapani ukamsimamisha "tuone kama anaweza kutembea". Kosa hili hufanywa na watu wema katika ajali nyingi, na ndilo linaloweza kuharibu uti wa mgongo uliokwisha kuumia. Mwache alipo, isipokuwa kuna moto au gari linakuja. Piga magoti upande wa kichwa, shika kichwa chake kwa mikono miwili kama kilivyo, mwambie asigeuze shingo, kisha muulize maswali mafupi: jina lako nani, wapi panauma, unaweza kuchezesha vidole vya miguu?

Haitiki? Inua kidevu kidogo, weka shavu lako karibu na pua yake, utazame kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui, au anatweta kwa kukatakata, anza kukandamiza kifua katikati, kina cha theluthi moja ya unene wa kifua (kama sentimita 5), kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mikandamizo 30 pulizia pumzi 2 mdomoni huku umebana pua. Endelea mpaka msaada ufike au aanze kupumua mwenyewe.

Helmeti isivuliwe kama mtoto anapumua vizuri. Fungua mkanda wa kidevuni tu ukimbana. Kuivuta kichwani huisogeza shingo, na shingo ndiyo mnayojaribu kuilinda.

Damu inayotiririka izuiwe kwa kitambaa safi kilichobanwa kwa nguvu juu ya jeraha, dakika 10 mfululizo ukitazama saa. Usifunue katikati kuchungulia, maana damu iliyoanza kuganda itabanduka na utaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kitu kilichochoma na kubaki mwilini, iwe spoku, kipande cha kioo au waya wa breki, usikichomoe. Kizungushie vitambaa kisitikisike.

Jino la utu uzima likitoka zima, muda wake ni mfupi sana. Lishike upande unaoonekana mdomoni, si upande wa mzizi. Lisuuze kwa maji safi sekunde chache bila kulisugua, kisha lirudishe kwenye tundu lake na mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, liweke ndani ya maziwa, si maji, mkamwone daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi, kwa sababu linaweza kuharibu lile linaloota chini yake.

Pale ambapo ambulensi haipo kabisa, mtoto abebwe akiwa amelala, juu ya ubao au kitu kingine bapa kigumu. Watu watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja, mmoja akishika kichwa tu na ndiye anayehesabu. Kumkunja kwenye kiti cha nyuma cha gari huku kichwa kinaning'inia ni hatari kuliko kusubiri dakika chache zaidi.

Wakati mtoto anahudumiwa, mtu mwingine akusanye ushahidi

Si kazi ya mzazi aliyemshika mtoto. Mpe jirani, ndugu au mpita njia unayemwamini, umtajie anachotakiwa kuleta: picha ya namba ya gari, leseni ya dereva na stika au cheti cha bima, jina na simu ya dereva (mpigie hapohapo uone kama inaita), na majina na simu za mashahidi wawili au watatu. Shahidi bora ni yule asiyewajua ninyi wala dereva.

Picha zipigwe kabla gari na baiskeli havijasogezwa, zikianzia mbali. Nne za barabara nzima kutoka pande nne, kisha mahali baiskeli ilipolala, alama za tairi zilizoburuzika, vioo na vipande vya taa vilivyomwagika, alama za barabarani, na kichaka au gari lililoegeshwa lililoziba kuona. Mwisho ni uharibifu wa gari kwa karibu, mkono au rula ikiwekwa pembeni kuonyesha kimo kutoka chini. Rangi ya gari iliyobaki kwenye fremu na mkwaruzo kwenye bampa vikilingana kwa kimo, huonyesha gari liligonga upande gani, jambo ambalo maneno ya watu wazima wawili wanaobishana hayataliamua. Piga na picha moja au mbili ukiwa umechuchumaa, kwenye usawa wa macho ya mtoto. Kile ambacho mtu mzima anakiona juu ya ua, mtoto wa miaka 8 hakioni.

Angalia kama kuna kamera dukani, getini, au kwenye kioo cha gari lolote lililopita. Kamera nyingi hufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya mpya, nyingine ndani ya siku chache tu. Omba siku hiyohiyo, na uombe kwa maandishi ili mwenye kamera asiseme baadaye hakuambiwa.

Kuna maneno ya kujizuia kutamka. Usiseme "mtoto wangu ndiye mwenye makosa", wala usimtukane dereva. Hujui bado kilichotokea, na lolote utakalosema hapo linaweza kuandikwa. Na dereva akitoa noti mfukoni akasema "tumalizane hapahapa", mshukuru, usipokee, usisaini karatasi yoyote. Fedha hiyo hutolewa kabla hajajulikana nani kavunjika nini.

Polisi waitwe hata kama dereva ni mtu wa heshima na mtoto anatembea. Chukua namba ya taarifa na jina la askari, kisha baada ya siku chache uombe nakala uisome. Ramani iliyochorwa kinyume au upande wa barabara uliokosewa ni rahisi kusahihishwa wiki ya kwanza, na ni vigumu mno mwaka unaofuata.

Hospitali: mweleze daktari jinsi ajali ilivyotokea

Mpaka daktari aseme, mtoto asile wala asinywe, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Mweleze daktari gari lilikuwa kwenye mwendo gani kwa makisio, mtoto aliangukia wapi, alirushwa au aliburuzwa, kama alivaa helmeti, kama alizimia hata sekunde chache, alikula saa ngapi, anatumia dawa gani, ana mzio wa nini, na mara ya mwisho alichomwa lini sindano ya pepopunda.

Mambo mawili usiache kuyataja hata usipoulizwa.

La kwanza: je, ncha ya usukani ilimpiga tumboni? Hili ni jeraha la baiskeli ambalo mara nyingi hupita bila kuonekana. Baiskeli inaposimama ghafla gurudumu la mbele hugeuka, ncha moja ya usukani huelekea tumboni, na uzito wote wa mtoto huiangukia. Nguvu ile huingia kwenye eneo dogo kama sarafu. Kwa nje huachwa duara jekundu, wakati mwingine hata hilo halipo. Kwa ndani bandama, ini, kongosho au sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba vinaweza kuwa vimepasuka au kuvilia damu, kwa vile tumbo la mtoto lina misuli myembamba na mbavu zake zinakunjika. Dalili zinaweza kuchelewa siku nzima au zaidi. Mvue shati mbele ya daktari, mwonyeshe alama, mtajie neno "usukani". Maumivu ya tumbo yanayozidi, matapishi ya kijani, tumbo gumu, au maumivu kwenye ncha ya bega ambalo halikuumia (damu iliyomwagika chini ya kiwambo cha kupumulia husikika begani), yote ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo.

La pili: je, gurudumu la gari lilimpanda mguu au mkono? Ngozi inaweza kuonekana nzima kabisa huku imeachana na nyama iliyo chini, na misuli ikaanza kuvimba ndani ya ala yake mpaka ikakata damu yake yenyewe. Dalili ya mapema ni maumivu makali kupita jeraha linaloonekana, yanayozidi unapomnyoosha vidole, na yasiyotulizwa na dawa. Hilo halisubiri asubuhi.

Watoto wana hulka moja inayowadanganya wakubwa: mwili wao huficha upotevu wa damu. Shinikizo la damu hubaki la kawaida kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla. Kwa hiyo tazama ishara za kabla: mapigo ya haraka, uso uliopauka, mikono baridi, mtoto mkimya isivyo kawaida yake. Bonyeza ncha ya kidole chake sekunde 5 kisha achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi na hali ya hewa si ya baridi, mwite muuguzi.

Maumivu karibu na kiungo, hasa kifundo cha mkono, kiwiko na goti, yapigwe eksirei hata kama uvimbe ni mdogo. Mfupa wa mtoto una tabaka laini la ukuaji karibu na ncha zake, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo. Kinachoitwa "kuteguka" kwa mtoto kinaweza kuwa ufa hapo. Picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Kama maumivu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba hayajaisha, uliza kuhusu picha ya pili baada ya siku 10 hadi 14.

Kabla ya kuondoka, hakikisha kila jeraha limeandikwa kwenye faili, hata mchubuko wa kiwiko. Lisiloandikwa siku ya kwanza litaambiwa limetokea kwingine.

Saa 48 za kwanza nyumbani

Mtoto aliyeruhusiwa anaruhusiwa kulala. Ile imani kwamba aliyegonga kichwa asilale usiku kucha humchosha bure na huficha dalili, kwa sababu huwezi tena kutofautisha usingizi wa uchovu na ulegevu wa ubongo. Mwache alale, chumba kimoja na mtu mzima. Mwamshe kwa vipindi kama daktari ameagiza hivyo.

Rudi hospitali haraka ukiona lolote kati ya haya: anatapika mara kwa mara, kichwa kinauma zaidi badala ya kupungua, anasinzia na haamki kwa urahisi, anapata degedege, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, maji maangavu au damu inatoka sikioni au puani, weusi umetokea nyuma ya sikio au kuzunguka macho yote mawili, anayumba, anaongea ovyo, au hamtambui mtu anayemjua.

Kwa maumivu, parasetamo hutosha: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 300. Hapa watu hukosea kwenye chupa. Dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 atapewa mililita 12.5, lakini yenye miligramu 250 kwa mililita 5 atapewa mililita 6 tu. Soma lebo, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Aspirini asipewe mtoto kabisa. Ibuprofeni iachwe mpaka daktari aseme hakuna hofu ya kuvuja damu ndani.

Michubuko ya lami ioshwe kwa maji safi mengi mpaka punje za mchanga zitoke zote; zilizobaki huacha madoa ya kudumu chini ya ngozi. Funika kwa bandeji isiyogandana na kidonda. Kidonda chenye udongo, kama sindano ya pepopunda ina zaidi ya miaka 5, kinahitaji nyingine.

Kama ubongo ulitikisika, siku ya kwanza na ya pili ni za kupumzika: matembezi mafupi na mazungumzo ndiyo, simu na runinga kidogo sana. Baada ya hapo masomo yarudi kwanza, michezo baadaye, hatua moja kwa siku. Hatua ikirudisha kichwa kuuma, rudi nyuma moja. Baiskeli huwa ya mwisho, na kwa ruhusa ya daktari, kwa maana ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujapona huumia vibaya zaidi.

Bima, madai na karatasi

Nguo, viatu, helmeti na baiskeli viwekwe kama vilivyo. Usifue, usikarabati, usitupe. Nguo zenye damu zikaushwe na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kwani ndani ya plastiki huoza. Anzisha daftari moja: tarehe, alikwenda wapi, alilipishwa nini, alilala vipi, alikosa shule siku ngapi, mzazi alikosa kazi siku ngapi. Risiti zibandikwe humo.

Kampuni ya bima ya dereva itapiga simu mapema, kwa sauti ya upole, kuomba "maelezo mafupi" ya kurekodiwa. Toa jina lako, namba ya taarifa ya polisi na tarehe. Mengine sema utayapeleka kwa maandishi, na mtoto asihojiwe kwa simu. Kinachosainiwa kikisema "malipo ya mwisho" hakifunguliwi tena, na jeraha la tabaka la ukuaji linaweza kuonekana mwaka mmoja au zaidi baadaye, mkono mmoja ukiwa mfupi au umepinda. Subiri daktari wa mifupa aseme ukuaji uko sawa.

Wazazi wengi huacha kudai wakiamini kwamba mtoto aliyeingia barabarani ghafla amepoteza haki. Si hivyo moja kwa moja, na sheria hutofautiana sana. Nchini Ufaransa sheria ya 1985 humlinda aliye chini ya miaka 16 asiyeendesha chombo cha moto, hata kama alikosea, kwa majeraha ya mwili. Ujerumani haimwajibishi mtoto wa chini ya miaka 10 kwa hasara aliyoisababisha katika ajali na gari, isipokuwa alifanya kusudi. Uingereza muda wa miaka 3 wa kufungua kesi ya mtoto huanza kuhesabiwa akifikisha miaka 18. Kwingine muda ni mfupi kuliko huo, na unaanza siku ya ajali. Muulize wakili wa nchi yako mwezi wa kwanza.

Maneno ya mtoto kuhusu ajali yaandike kama alivyoyasema, na tarehe, bila kumsahihisha. Usimfundishe la kusema, na usimlazimishe kusimulia tena na tena. Akikojoa kitandani, akiota ndoto mbaya au akikataa kuvuka barabara wiki za mwanzo, hiyo ni kawaida. Ikipita mwezi mmoja bila kupungua, tafuta mshauri wa watoto.

Baiskeli yenyewe

Helmeti iliyogonga kitu haivaliwi tena, hata ikionekana nzima: povu la ndani hukandamizika mara moja tu na halirudi. Ikimaliza kazi ya ushahidi, ikateni mikanda na muitupe, mtu mwingine asije akaiokota.

Madai yakishaisha, fundi akague. Kitu cha kwanza ni sehemu ya chini ya bomba za fremu, nyuma ya kichwa cha usukani: rangi iliyojikunja au kupasuka hapo inaonyesha fremu ilijikunja kwa kugonga mbele, na fremu hiyo haifai. Tazama foki kwa ubavu. Mstari wake ukirudi nyuma kuelekea pedali, ibadilishwe. Usukani wa alumini uliopinda usinyooshwe, kwa kuwa alumini iliyonyooshwa inaweza kupasuka baadaye bila onyo. Zungusha magurudumu na uangalie kama rimu inayumba kwenye breki. Halafu kagua vifuniko vya ncha za usukani. Mpira ukiwa umetoboka na bomba tupu likaonekana, badilisha vyote viwili kabla mtoto hajapanda, maana ncha hiyo wazi inaweza kuchana tumbo hata bila gari kuhusika.